Zamu ya Kwamboka

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na minne. Mimi sioni kichekesho hapo, ingawa baba yangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Wiki iliyopita nilikabidhi ufunguo wa stoo ya kamati ya huduma kwa jamii kwa mwenyekiti mpya, msichana wa mwaka wa pili, ambaye aliupokea kwa mikono miwili kama anayepewa mtoto mchanga. Nilimwambia kwamba kufuli hufunguka ukilisukuma juu kidogo, nikaondoka. Nilipofika kwenye lango la chuo nikagundua kuwa katika miaka yote niliyoongoza kamati ile, hilo la kufuli ndilo jambo pekee nililomwachia. Ndiyo maana naandika haya, kwa ajili yake na kamati yake.

Sitaandika juu ya vyeti, wala picha nilizopigwa na waheshimiwa, wala cheo changu. Vyote viko ukutani kwa mama yangu pale Nyanchwa, mtaa wa Kisii mjini, na mgeni yeyote hawezi kunywa chai kabla hajavisoma. Nitaandika juu ya vitu ambavyo vilinishtua, na vilikuwa vingi. Mtu aliyesoma kama mimi, anayeuliza kila kitu, hudhani ameshajikinga na mshtuko. Ni kinyume. Anayeuliza sana hushtuka zaidi, kwa sababu alikuwa na hakika kuwa swali lile alishaliuliza.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa mjini Nyamira. Nilikuwa mwaka wa kwanza. Chuo chetu, kama mnavyojua, hakimruhusu mtu kuhitimu bila saa za huduma kwa jamii, na saa hizo huandikwa na kutiwa sahihi. Tukapelekwa kuzibua mtaro nyuma ya maduka. Nilivaa mabuti ya mpira ya stoo, yote mawili ya mguu wa kushoto. Yapo bado; msipoteze muda kutafuta ya kulia.

Tulikuwa tumeinama katika tope jeusi wakati mwenye duka moja alipotoka akasimama juu yetu.

"Nyinyi mmetumwa na kaunti?"

"Hapana," nikasema. "Tumejitolea."

"Kujitolea ni kusema hamlipwi?"

"Ndiyo, mzee."

Akatufikiria kidogo. Akarudi ndani, akatoka na gunia la takataka, akaliweka kando ya mguu wangu kwa adabu kabisa. "Basi na hii," akasema. "Mungu awabariki."

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Jioni tulipokaa na mwalimu kueleza tulichojifunza, kila mtu alisema amejifunza unyenyekevu. Zamu yangu ilipofika niliuliza mtaro ule ni wa nani. Nikauliza tena. Chuoni kwetu mtu akiuliza swali moja mara mbili huchaguliwa mwenyekiti ili apate shughuli ya kumnyamazisha, na ndivyo nilivyopata kazi.

Mwalimu huyo alikuwa Mwalimu Moraa, aliyetufundisha somo la uongozi na uraia. Ndiye aliyeidhinisha kila mradi wetu. Ukimpelekea pendekezo, hakuuliza bajeti wala malengo. Alivua miwani, akauliza: "Nani amewaita?" Ungejibu chifu, au kanisa, au mwalimu mkuu wa shule fulani, naye angetia sahihi na kuvaa miwani tena. Nilidhani ni mazoea tu, kama daktari anavyokuambia utoe ulimi huku anaangalia simu. Tulijifunza kumjibu kabla hajauliza. Tulisema, "Chifu ametuita, Mwalimu," na mkono wake ulikuwa tayari kwenye kalamu.

Makamu wangu alikuwa Ongeri. Ongeri ni Mkisii wa mjini, amezaliwa hospitali ya Kisii mjini, amekulia Kisii mjini, na shamba la babu yake huliona wakati wa mazishi. Mimi ni Mjaluo wa Nyanchwa. Wazazi wangu walipanda huku kutoka kando ya ziwa kutafuta kazi, wakabaki. Kikisii changu ni cha sokoni, kinatosha kununua ndizi na kujibu matusi. Kwa hiyo kamati ilimtegemea Ongeri kwa mambo ya lugha, naye alitegemea kumbukumbu za mazishini. Jambo hilo lilipaswa kunishtua mapema.

Sasa Birongo. Wale wa mwaka wa kwanza ambao hawajafika, ni soko la kijijini, na chini ya soko kuna mashamba ya chai, migomba, mahindi na viraka vya wimbi, yaani ulezi, na chini kabisa bondeni kuna chemchemi. Maji yalikuwa yakitoka ardhini ndani ya tope, na ng'ombe na watu wakinywea mahali pamoja. Chifu aliomba chuo kisaidie kuijengea. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza: unachimba mpaka ulione jicho la maji, unatoa tope, unajaza mawe, unafunika kwa plastiki na udongo wa mfinyanzi, unajenga ukuta mdogo wenye bomba, na juu yake unachimba mtaro wa kuzuia maji ya mvua yasiingize uchafu. Kuifanya ni kitu kingine. Gari haliwezi kushuka kule. Saruji, mchanga na mawe vyote hushuka kwa vichwa vya watu.

Chifu alitangaza barazani kwamba Jumapili kutakuwa na kazi ya kujitolea. Jumapili ilichaguliwa kwa sababu watu wengi wa pale ni Wasabato na Jumamosi hawagusi jembe. Tukafika na fundi tuliyemlipa, na simiti, na kipaza sauti kile kinacholia kabla hujasema neno. Walikuja watu watatu. Mmoja alikuwa anauza mayai ya kuchemsha.

Tulikaa juu ya mifuko ya saruji. Nilikuwa na hasira na nilitaka kuandika ripoti kali kuhusu uraia duni. Ongeri akasema, "Wasee, shida ni jina. Hakuna mtu huku anaelewa kujitolea. Tuite risaga."

"Risaga ni nini?"

"Si ni kufanya kazi pamoja. Majirani. Ni harambee, lakini bila pesa."

"Una hakika?"

"Awuor, wewe huuliza mpaka chai inapoa. Ni lugha ya mama yangu."

Tukabandika karatasi sokoni: Risaga ya Wanachuo. Halafu tukapita nyumba za karibu na chemchemi kuomba majembe, maana ya stoo hayakutosha. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mzee mjane, Kwamboka, ambaye shamba lake linaanzia pale chemchemi inapoishia. Ongeri alimwita magokoro, yaani bibi, kama anavyoitwa mama yeyote wa umri ule. Aliisikia habari yetu yote huku akichambua mboga za chinsaga, bila kutuangalia. Kisha, kwa ajili yangu, akauliza kwa Kiswahili:

"Hiyo risaga ni yenu?"

"Ni yetu, magokoro," Ongeri akasema.

"Jumapili ingine?"

"Jumapili ijayo."

Akatazama wimbi lake, lililokuwa limechipua tu. "Na mtarudisha?"

Tulikuwa tumebeba majembe yake mawili begani. Tukajibu kwa pamoja, kama darasa la chekechea: "Tutarudisha."

Jumapili iliyofuata nilishtuka mpaka nikakaa chini. Kilima chote kilikuwa kinashuka. Wanawake wenye majembe, vijana, wazee wenye mapanga, mama mmoja mjamzito aliyekatazwa kubeba akabeba. Walijua kazi bila kupangwa. Hakuna aliyeuliza ashike wapi. Waliimba. Saruji iliteremka kilima kama siafu wanavyohama. Kufikia alasiri ukuta ulikuwa umesimama na maji yanatoka kwenye bomba, safi, yakimwagika juu ya mawe.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Kazi ilipokwisha watu hawakuondoka. Walikaa kwenye nyasi, wakatuangalia. Sisi tukadhani wanangoja hotuba. Nikatoa hotuba. Nikagawa vijikaratasi vya kunawa mikono. Wakavipokea, wakaendelea kukaa. Mwishowe mwanamke mmoja, jirani wa Kwamboka aitwaye Bosibori, alisimama akapangusa sketi yake, akasema jambo kwa Kikisii, watu wakacheka kicheko kifupi, wakapanda kilima.

"Amesema nini?" nilimuuliza Ongeri.

"Ati karatasi haina chumvi." Akainua mabega. "Ni utani."

Tulirudisha majembe ya Kwamboka yakiwa yameoshwa.

Wiki chache baadaye kulikuwa na mkutano wa maoni ya wananchi kuhusu maji, na chuo kilinituma nikazungumze kwa niaba ya vijana. Nilisimama mbele ya viongozi wa wadi, nikasema watu wa Birongo wamejijengea chemchemi yao kwa mikono yao, na kwamba huo ndio uraia. Nilipigiwa makofi. Siku ile nilikuwa na furaha niliyoistahili, nilivyoona. Nilikuwa nimekosa vipindi vingi vya takwimu kwa sababu ya mikutano ya namna hiyo, na somo hilo nilishalifeli mara moja. Marudio yalikuwa karibu. Ningeyafeli, ningehitimu mwaka mwingine, kama ningehitimu. Nawaambia hili mapema: hakuna mhadhiri wa takwimu anayepokea udhuru wa chemchemi.

Asubuhi moja mlinzi wa lango akanipigia simu. "Mwenyekiti, kuna bibi yako hapa."

"Bibi yangu yuko Homa Bay."

"Huyu anasema anataka watoto wa risaga. Amekataa kiti."

Alikuwa Kwamboka. Amevaa kitambaa cha kanisani, viatu mkononi. Ongeri naye alikuja mbio kutoka bwenini. Tukamsalimu. Akatusalimu vizuri, akauliza kama tunakula, akauliza masomo. Halafu akasema:

"Nimekuja kuuliza siku."

"Siku gani, magokoro?"

"Ya kwangu. Hii wimbi yangu inakufa. Nyasi imepanda mpaka hapa." Akagusa goti. "Nilingoja. Nikasema wako na masomo. Sasa nimekuja."

Nikamwangalia Ongeri. Ongeri akaangalia viatu vyake.

"Mlisema mtarudisha," Kwamboka akasema.

"Majembe tulirudisha, magokoro," Ongeri akasema. "Tena tuliyaosha."

Kwamboka alimtazama kwa muda, si kwa hasira. Kama mtu anayemtazama mgonjwa na kutafuta pa kumshika. "Nani aliuliza majembe?"

Tulimweka kivulini, tukamletea chai, na kidogo kidogo, kwa Kiswahili chake na Kikisii cha Ongeri ambacho siku hiyo nilikiona jinsi kilivyo chembamba, jambo likatoka. Risaga si harambee. Risaga ni zamu. Nyumba kadhaa za majirani hukubaliana: leo wote kwangu, Jumapili ijayo wote kwako, mpaka mzunguko umalizike. Aliyeita ndiye mwenye kazi, na mwenye kazi hulisha watu. Kila anayekuja kwako, wewe utakwenda kwake. Haiandikwi popote. Haihitaji.

Na Jumapili ile ilikuwa zamu ya Kwamboka. Zamu ya wimbi lake, ambalo hupaliliwa kwa mkono, shina kwa shina, na likishafunikwa na nyasi halisubiri. Watu wote wale walioshuka kilimani hawakuvutwa na karatasi yetu. Waliitwa na yeye. Aliwaambia majirani: nendeni kwa watoto hawa kwanza, wao watakuja kwangu. Alitupa zamu yake. Mzunguko ukaendelea kwa wengine, na yake haikurudi.

Nilijaribu kubishana. Ndivyo nilivyo. "Lakini magokoro, ile chemchemi ni yenu. Tulikuja kuwasaidia."

"Yetu?" akasema. "Si nyinyi mliita?"

Swali hilo halikuwamo katika somo lolote nililosoma pale chuoni. Ongeri alikuwa amejikunja kwenye benchi kama aliyekanyagwa.

"Na uji hamkupika," Kwamboka akaongeza, taratibu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kulitaja lakini limemkaa. "Niliwaambia watu, ni watoto. Bosibori ananicheka mpaka leo."

Tulipanga Jumapili iliyokuwa inakuja, kwa sababu alisema nyingine wimbi halitafika. Tulipomsindikiza barabarani ndipo nilipokumbuka kwamba Jumatatu yake ndiyo siku ya mtihani wa takwimu.

Kamati ilikaa mchana huohuo. Nitawaeleza ilivyokuwa kwa sababu mtakaa mikutano ya namna hiyo. Hakuna aliyesema hapana. Walisema jambo liangaliwe. Mmoja akasema kupalilia shamba la mtu binafsi si huduma kwa jamii. Mwingine akauliza kama saa zitahesabiwa. Mtunza hazina akasema tukifanya kwa mmoja watakuja wote, na nilipomweleza kuwa deni ni la mmoja tu akasema hiyo ni kanuni ya kijiji, si ya chuo. Tukapiga kura, na tukashindwa mimi na Ongeri, ambaye mkono wake ulipanda polepole kama bendera ya msibani.

Nikaenda kwa Mwalimu Moraa. Nilimweleza yote, nikamwomba aidhinishe Jumapili ile iwe na saa.

"Siwezi," akasema. "Kazi ya Birongo ilishapewa saa. Huwezi kuvuna shamba moja mara mbili."

"Mwalimu, ulijua maana ya risaga. Wewe umelelewa Nyamira. Ripoti yetu ilikuwa na neno hilo juu kabisa. Kwa nini hukusema?"

Akavua miwani. "Niliuliza nani amewaita. Mkasema chifu."

"Chifu alituita."

"Chifu aliwaita mje. Nani aliwaita watu?"

Nilitoka ofisini nikiwa na hasira naye, na kwa kweli sijamaliza kukasirika. Angeweza kusema. Mwalimu anayejua shimo lilipo na akauliza swali zuri badala ya kupiga kelele, mimi bado nina shaka naye. Lakini swali lake nimelibeba, na nyinyi libebeni.

Jumamosi jioni nilitangaza katika bwalo la chakula: kesho Birongo, kupalilia, kulipa zamu tuliyopewa. Hakuna saa, hakuna picha, hakuna mkate wala soda. Mtu mmoja alipiga makofi kwa dhihaka. Nikaenda kulala nikijua nitakuwa mimi, Ongeri na mashina yasiyohesabika.

Asubuhi nilipofika Birongo nilipita kwanza bondeni, nikitaka angalau kuiona chemchemi yetu. Nilisimama pale nisiamini. Mtaro wa juu ulikuwa umejaa udongo. Maji ya mvua yalikuwa yameupita, yakaingiza tope, na bomba lilikuwa linadondosha tone moja moja. Nyuma ya ukuta mtu alikuwa amechimba kijishimo, na watu walikuwa wanateka pale, kwenye tope, kama zamani. Kazi ya kuzibua mtaro ule ilikuwa ya jembe moja na asubuhi moja.

Bosibori alikuwa anateka. Nikamsalimu, nikamuuliza kwa nini hakuna aliyezibua.

"Tunangoja wenyewe," akasema.

"Wenyewe ni nani?"

Alinitazama kama aliyeulizwa jina la mama yake. "Si nyinyi. Hii ni maji ya wanachuo." Akajitwika mtungi wake wa plastiki. "Kwamboka ako na wageni leo? Ama wajukuu wake bado wanasoma kitabu ya wimbi?"

Nilikumbuka makofi ya mkutano wa wadi.

Shambani kwa Kwamboka nilipata mshtuko wa pili wa siku ile, na huu ulikuwa mzuri. Kulikuwa na watu. Si kamati, kutoka kamati alikuwa Ongeri peke yake. Walikuwa wanafunzi ambao sikuwajua hata majina, wengi wa mwaka wa kwanza, wengine watoto wa vijijini ambao hawakuwahi kufungua mdomo katika mikutano yetu. Kijana mmoja wa Borabu aliniambia, "Nilisikia ukisema zamu. Kwetu mtu hali zamu ya mwingine." Basi.

Na kando ya nyumba, juu ya mafiga matatu, palikuwa na sufuria kubwa ya uji, na aliyekuwa anaukoroga alikuwa mama yake Ongeri. Ni mwalimu wa shule ya msingi mjini, mwanamke wa sauti.

"Huyu," akaniambia akimwonyesha mwanawe kwa mwiko, "alikuja nyumbani akaniambia aliita risaga. Nikamuuliza, ulilisha nini? Akasema vijikaratasi." Akakoroga. "Vijikaratasi, Awuor. Mimi nimemzaa."

"Mama, yaishe," Ongeri akasema kutoka kwenye wimbi.

"Haijaisha. Palilia."

Tulipalilia. Nawaambia kwa faida yenu: unachuchumaa, unashika jembe dogo karibu na chuma, na humwamini mtu anayesema yeye amezoea. Nyasi inayomea na wimbi hufanana nalo kama ndugu wa baba mmoja. Kwamboka alipita nyuma yetu bila kusema neno, akirudisha ardhini baadhi ya tuliyong'oa. Alinicheka mara moja tu. "Wewe Mjaluo, samaki ndiyo unajua?" Nikamwambia hata samaki siwajui, mimi wa Nyanchwa. Akacheka mpaka akashika kiuno.

Alasiri majirani walianza kupita kwenye kijia cha juu, mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na sababu ya kupita. Bosibori alipita mara mbili. Mara ya pili Kwamboka alinyoosha mgongo, akamwita kwa sauti iliyovuka bonde, akamwambia aje anywe uji kwa sababu umebaki. Sikuelewa maneno yote, lakini niliielewa sauti ile. Ilikuwa ya mtu ambaye hatachekwa tena.

Bosibori akaja, akanywa. Akarudisha kikombe, akatazama safu tulizopalilia. "Zingine zimepinda," akasema.

Shamba halikwisha siku ile, lakini nusu ya chini, ambayo ndiyo ilikuwa inakufa, ilikwisha. Wale wa mwaka wa kwanza walirudi Jumapili nyingine bila mimi wala tangazo. Mtihani nilifanya nikiwa siwezi kukunja magoti, na matokeo yake hayahusiki hapa, ila mnaona nimehitimu. Kabla ya kukabidhi kamati nilitaka sana kurudi Birongo kuuzibua ule mtaro. Nilishachukua jembe. Halafu nikalirudisha stoo. Nikiuzibua mimi, yatabaki kuwa maji ya wanachuo, na mvua itakayofuata watanisubiri tena. Sikujua la kufanya. Nilikaa na jambo hilo mpaka siku ya ufunguo.

Juzi simu yangu ililia, namba nisiyoijua.

"Awuor."

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi. Hii simu ni ya Bosibori, sema haraka. Umemaliza shule?"

"Nimemaliza, magokoro."

"Mzuri. Jumapili niko na risaga. Unakuja?"

Nilishangaa. "Wimbi si ulishavuna?"

"Wimbi iko ndani, na tunakula. Ni bomba. Imeziba kabisa."

"Bomba gani?"

Nikasikia akivuta pumzi, kama mtu anayemweleza mtoto jambo lililo mbele ya macho yake.

"Ya chemchemi yangu," akasema. "Uji uko. Beba jembe."

Simu ikakatika. Nilikaa kitandani na simu mkononi muda mrefu, nikilirudia neno lile moja, *yangu*, kama mtu anayeonja chumvi.

Kwa hiyo, mwenyekiti mpya, barua hii ina ombi, na nimelificha mwisho kama walivyo wastaafu wote. Sina jembe nyumbani. Sisi ni watu wa mjini. Katika stoo, nyuma ya toroli, kuna moja lenye mpini wa mkaratusi ambalo halichubui mkono. Naomba uniazime kwa Jumapili. Na wewe ukitaka kuja, njoo, umeitwa. Lakini usije na kipaza sauti.

Nitarudisha. Uniulize kwanza, ukiwa na shaka, namaanisha nini.